Vyumba 16 karibu na Kikuubo kwa wafanyabiashara wa Kongo, Juba na Somalia: niweke nini, nitoze ngapi?

Nakato_Mengo

Wapendwa, salamu. Kuna jengo la ghorofa moja hapa Kampala, kati ya Mengo na Kisenyi, ambalo mwenyewe yuko tayari kunipangisha kwa miaka mitano. Lina vyumba 16, nane chini na nane juu, kila kimoja na choo na bafu lake. Nyuma kuna jiko moja na ua unaotosha kuingiza Fuso. Hadi Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, ni dakika kumi kwa miguu.

Sitafuti watalii. Nawalenga wanaokuja Kampala kununua: Wakongo wa Butembo, Beni na Bunia, watu wa Juba, na Wasomali. Wengi wao hukaa siku nne hadi kumi. Nimefikiria shilingi 45,000 za Uganda kwa usiku, na gharama zote kwa mwezi (pango, mishahara, umeme, maji, ulinzi, sabuni) nakadiria milioni 14.

Naomba wanaoifahamu kazi hii wanisaidie. Wateja hawa hulipia nini kweli, na kipi ni pambo tu? Umeme na maji niandae vipi? Jiko liwe la namna gani? Na hiyo 45,000 inalipa?

---

Bahati_wa_Kasindi

Dada Nakato, karibu. Kabla ya kununua hata godoro moja, ifuate siku ya mgeni wako saa kwa saa.

Anayetoka Butembo anavuka Kasindi na Mpondwe, anapanda basi la Bwera, na basi linaweza kumshusha mjini saa kumi usiku. Kwa hiyo mapokezi yawe wazi usiku kucha, na mtu huyo asiambiwe akae kwenye benchi mpaka saa sita mchana ndipo chumba kiwe tayari. Kila jioni acha vyumba viwili vimeshasafishwa kwa ajili ya wanaofika alfajiri, na umtoze nusu ya bei kwa saa hizo. Atalipa bila kunung'unika, kwa sababu saa moja asubuhi anataka awe Kikuubo ameshaoga.

Kutwa nzima yuko nje: Kikuubo, soko la Owino, maduka ya arkedi. Jioni mzigo unaanza kuingia, na hapo ndipo logi (nyumba za wageni) nyingi humpoteza mteja. Katoni zinajazana chumbani, anashindwa kupita, anaogopa kutoka, siku inayofuata anahamia kwa jamaa mwenye stoo. Toa vyumba viwili vya chini vilivyo karibu na geti uvifanye ghala. Ukuta kati yao uvunjwe tu baada ya fundi kuthibitisha kwamba haubebi ghorofa. Sakafu itandikwe mbao za kuinua mzigo angalau sentimita 15, na kati ya mzigo na ukuta ziachwe sentimita 30 ili hewa ipite na panya waonekane. Usiruhusu mizigo mizito kupandishwa juu: robota moja la mitumba ni kilo 45, na kumi ni karibu nusu tani ndani ya chumba kimoja.

Risiti ya ghala iwe na nakala tatu: ya mgeni, ya kubandikwa kwenye mzigo, na ya kitabu. Andika idadi na hali ya vifurushi, usiandike kilichomo ndani wala thamani yake: «vifurushi 7, vimefungwa kwa kamba, havikufunguliwa». Piga picha mgeni akiwa hapo. Anayekuja kuchukua aje na risiti. Akija mtu wa tatu, kwa mfano wakala wa usafirishaji, mpigie mwenye mali kwanza kwa namba aliyoiacha yeye mwenyewe siku ya kuingia, wala si namba anayokupa huyo aliyekuja. Ugomvi mwingi wa mizigo huanzia hapo. Ukatae kabisa betri zenye asidi, mitungi ya gesi, rangi, petroli na kabaidi. Fedha na simu mpya ziwekwe kwenye sefu, si ghalani.

Na angalia usawa wa jengo. Bonde la Nakivubo hufurika mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba. Kama mlango wa ghala uko chini ya usawa wa barabara, jenga kizingiti cha zege cha sentimita 30 au uchague vyumba vingine.

La pili, na hili usiyumbe: usiuze chumba kwa saa. Jina «logi» hapa mjini tayari lina sifa yake. Mfanyabiashara aliyebeba dola za watu wengine (wengi hutumwa na ndugu na majirani wanaochanga mtaji) hatalala mahali ambapo watu wasiojulikana wanaingia na kutoka usiku kucha. Hizo pesa za saa moja moja zitakugharimu wageni wa siku nane.

La tatu ni lugha. Mapokezi tafuta kijana wa Kasese anayesema Lukonzo. Lugha hiyo na Kinande cha Butembo na Beni ni ndugu wa karibu, wanaelewana. Kwa watu wa Juba, Mnubi wa Bombo ni hazina, kwa maana Kinubi na Kiarabu cha Juba vinakaribiana mno. Mgeni akisikia lugha ya nyumbani mapokezini, habari inafika kwao kabla yeye hajarudi, na hayo ndiyo matangazo ya biashara hii. Wateja hawa hawatafuti kitanda kwenye tovuti. Wanauliza dereva, wakala wa mizigo na shemeji.

---

Fundi_Ssali

Nitasema ya umeme na maji tu.

Usikubali kuwekewa hita za papo kwa papo kwenye bafu zote. Hita moja hula kilowati 3.5 hadi 5.5. Wageni wako wote wanaoga kati ya saa kumi na moja na saa moja asubuhi. Hita saba zikiwaka pamoja ni kilowati 24.5 kwa uchache, wakati laini ya fezi moja ya ampea 60 inabeba takriban 14. Breka kuu itaanguka kila asubuhi, kisha atatokea mtu wa kuweka breka kubwa zaidi bila kubadili waya, na nyaya za milimita 2.5 zitapata moto ndani ya ukuta. Nyumba huungua namna hiyo.

Weka hita za jua mbili za lita 300. Wageni 20 kwa lita 30 kila mmoja ni lita 600, zinatosha. Ndani ya kila tangi kuwe na koili ya kilowati 2 hadi 3 yenye saa ya kujiwasha, iwake saa tisa usiku siku za mawingu. Kosa la kawaida ni kuliweka tangi mbali na bafu: maji ya moto yanapitia bomba la mita 25, mgeni anamwaga ndoo nzima ya maji baridi ndipo yaje ya moto. Bomba la maji ya moto livikwe sponji lake, na bafu za chini na juu zifuatane kwenye mstari mmoja.

Maji yenyewe: hesabu lita 100 kwa mgeni kwa siku, ongeza 500 za jiko na kufua. Wageni 20 ni lita 2,500, na akiba ya siku mbili ni 5,000. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano, lisipandishwe kwenye paa la jengo la zamani. Likae chini kwenye jukwaa la zege, na pampu ipeleke maji kwenye tangi dogo la lita 1,000 juu.

Umeme ukikatika mgeni huyu anataka taa, chaji ya simu na intaneti. Kila chumba weka wati 40, jumla 640. Ongeza kamera, modemu na friji moja ya jiko, unafika kama wati 850. Kwa saa tano ni kilowati-saa 4.25. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 inatosha. Ukitaka za asidi, ambazo hazipaswi kushuka chini ya nusu, utahitaji nne za ampea 200 za volti 12. Inveta iwe ya kilowati 3 ijapokuwa mzigo ni mdogo, kwa sababu friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake. Pasi, birika na hita zisiunganishwe kabisa kwenye laini ya inveta. Weka chumba kimoja cha pasi kwa wote.

Mita ya Yaka (ya kulipia umeme kabla) isajiliwe kwa matumizi ya biashara, si ya nyumbani. Tangu Aprili 2025 ni UEDCL, kampuni ya serikali, wanaoshughulikia, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika. Na asiwe maneja peke yake mwenye namba ya mita. Askari wa usiku naye awe nayo, yuniti zikiisha saa nane usiku aweze kununua.

---

Mhasibu_Wandegeya

Dada Nakato, 45,000 hailipi. Nifuate kwa hesabu yako mwenyewe.

Gharama ni milioni 14. Kwa 45,000 unahitaji usiku 311 wa chumba kwa mwezi. Ukiwa na vyumba 16 una 480, yaani asilimia 65 vijae ili usipate hasara wala faida. Ukitoa viwili kwa ajili ya ghala unabaki na 420, na sasa unahitaji asilimia 74. Mpaka hapo bado inawezekana.

Lakini zidisha hiyo milioni 14 kwa miezi 12: ni milioni 168. Umevuka milioni 150 za mauzo kwa mwaka, unapaswa kujiandikisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Asilimia 18 inatoka ndani ya bei uliyotangaza, kwa hiyo katika 45,000 yako inabaki 38,136. Gawanya tena: usiku 367 kati ya 420, asilimia 87. Nyumba ya wageni isiyoshuka chini ya asilimia 87 mwaka mzima, sijui utaipata wapi. Kodi uliyolipa kwenye umeme na manunuzi utaidai, ndiyo, lakini mishahara haina VAT ya kudai na mboga za sokoni pia hazina.

Kwa 55,000 inabaki 46,610, unahitaji usiku 301, asilimia 72. Anzia hapo. Kisha uuze siku, usiuze usiku: anayelipa siku saba mbele apate ya saba kwa nusu bei. Kufua shuka ni gharama ya kila anayeondoka, hivyo mtu mmoja wa siku saba anakugharimu kidogo kuliko watu saba wa siku moja moja.

Kuhusu ghala la kaka Bahati, nimelipima. Tuseme vyumba viwili vinatoa mita za mraba 24, ukiacha njia zinabaki 16, mzigo ukipangwa hadi mita 1.8 ni kama mita za ujazo 29. Ukitoza 2,000 kwa mita ya ujazo kwa siku na likajaa nusu, ni 29,000. Vyumba hivyo viwili vikilaliwa kwa asilimia 72 vingeleta kama 79,000 kwa bei ya 55,000. Kwa hesabu ya moja kwa moja unapoteza 50,000 kwa siku. Ghala linajilipa pale tu linapokuletea chumba kimoja zaidi kila usiku. Kwa wateja unaowataka wewe naamini litaleta, lakini anza na chumba kimoja, uone, ndipo uongeze cha pili.

Ukishajiandikisha VAT kila risiti inapitia EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato. Zoezeni mapokezi kuitoa hapo hapo mgeni anapolipa, wasikusanye za siku nzima jioni. Kando ya hiyo kuna leseni ya biashara ya KCCA (mamlaka ya jiji), kodi ya hoteli ya jiji inayotozwa kwa kila chumba kilicholaliwa, na usajili wa Bodi ya Utalii. Watu husahau hiyo kodi ya hoteli kwa sababu ni ndogo kwa usiku mmoja. Ikilimbikizwa mwaka inauma.

Fedha: bei itangazwe kwa shilingi, dola zipokelewe kwa kiwango cha siku kilichobandikwa ukutani. Noti za 1, 5, 10 na 20 maduka ya fedha huzinunua kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100, na noti za zamani au zilizochanika hukataliwa au kukatwa thamani. Karani asiyejua hilo atapokea dola 60 za noti ndogo na droo itapungua jioni. Faranga za Kongo na pauni za Sudan Kusini usizipokee, mwelekeze mgeni abadilishe kwanza. MTN na Airtel ni lazima uwe nazo, kwa namba ya mfanyabiashara. Ukitoa taslimu, mbali na ada unakatwa kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, hivyo lipa wauzaji wako kwa simu hiyo hiyo. Na daftari la karatasi liwepo daima. Februari 2016 pesa za simu zilifungwa wakati wa uchaguzi, Januari 2021 intaneti ikakatwa siku kadhaa.

---

MamaHalima_Kisenyi

Mwanangu Nakato, jiko ndilo litakalomfanya mgeni arudi, na ndilo litakalokula faida yako usipolipangia.

Usifungue mgahawa wa kila chakula. Pika chai nzito ya asubuhi na chakula kimoja cha jioni, basi, kwa sababu mchana hawapo. Chai iwe tayari saa kumi na mbili kamili. Mkongo wa Butembo anataka kitu cha kushiba: mihogo au ndizi, mayai, maharage ya jana yaliyoungwa. Msomali anataka canjeero (chapati laini za kumimina) na chai ya maziwa yenye hiliki. Mtu wa Juba mpe chai yenye sukari ya kutosha na fuli (maharage makubwa yaliyopondwa), na siku za asida (ugali laini) hatalalamika.

Jioni kwa Wakongo ni fufu ya unga wa muhogo, sombe (majani ya muhogo), na makayabu (samaki wa chumvi). Sombe haiharakishwi. Majani yatwangwe hadi yalainike, yachemshwe sufuria ikiwa wazi saa moja na nusu au mbili, kwani majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri. Mafuta ya mawese na karanga viingie mwishoni. Makayabu yalowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara tatu, la sivyo chumvi itaharibu sufuria nzima. Posho ya mahindi usiwape ukaiita fufu. Watakula siku ya kwanza, siku ya pili watakula kwingine.

Halali lisiwe jambo la nusu nusu. Ukitaka Wasomali na Waislamu wa Juba, jiko zima liwe halali na nguruwe asiingie getini. Mambo ya sufuria mbili katika jiko moja dogo hayaaminiki, na hapa Kisenyi mteja ana pa kwenda hatua tano mbele. Wakongo hawatapungukiwa, mbuzi wa halali ni mbuzi. Pombe usiuze ndani. Anayetaka atakunywa nje.

Vyooni weka birika la maji na bomba la mkono, chumba kimoja kidogo kiwe cha swala chenye mkeka na alama ya kibla: kutoka Kampala ni karibu kaskazini, ikiinama kidogo mashariki. Ramadhani jiko lihame saa: daku kuanzia saa tisa na nusu usiku, tende na maji magharibi. Mpishi alipwe kwa saa hizo, usimwombe afanye kwa hisani.

---

Nakato_Mengo

Nimeshukuru sana, mama, na nyote. Nimeanza upya hesabu kwa 55,000 na ghala la chumba kimoja. Maswali mawili yamebaki. Wapo wanaoniambia niwafuate Wachina na Wahindi kwa kuwa wana pesa zaidi. Na mpaka ukifungwa nitafanyaje?

---

Bahati_wa_Kasindi

Wachina na Wahindi ni biashara nyingine, dada. Wao wakija kwa kazi ya miezi au miaka hupanga nyumba Bugolobi, Kololo, Muyenga, wakiwa na mpishi wao. Kampuni inalipa, inataka ankara, maegesho, jenereta na mkataba wa mwaka. Jengo lako halikupangwa kwa mambo hayo, na kwa Wahindi wengi usafi wa jiko la mboga tupu hauchanganyiki na makayabu ya mama Halima. Baki na watu wako.

Kuhusu mpaka, hilo ndilo swali zito kuliko yote. Juba ilipolipuka Desemba 2013 na tena Julai 2016, njia ya Elegu, mpakani na Sudan Kusini, ilikauka. Bunagana, mpaka mwingine wa Kongo, ilichukuliwa na waasi wa M23 Juni 2022. Hata mjini, Aprili 2024 maduka ya Kampala yalifungwa kupinga EFRIS, na wanunuzi wakakaa bila kununua. Kwa hiyo usiache nchi moja izidi nusu ya vitanda vyako. Ukiona Wakongo wamefika asilimia 60, nguvu ya wiki hiyo ipeleke kwa mawakala wa Juba na madereva wa Mwanza. Weka kando gharama za miezi mitatu. Na kwa mgeni aliyekwama, uwe na bei ya kukwama iliyoandikwa tangu mwanzo, tuseme theluthi mbili ya kawaida kuanzia siku ya nane, wala usisubiri aombe.

Upande wa nafuu: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na tangu 1 Januari 2024 Wakongo hawalipi ada ya visa kuingia Uganda. Kuvuka kumekuwa rahisi kimfuko, kwa hiyo mtu anaweza kuja mara nyingi na kubeba kidogo kidogo. Ndiyo maana nasisitiza ghala: anayekuja mara nne anapenda kuacha nusu ya mzigo ukimsubiri. Miezi ya kujiandaa ni Agosti, kabla ya shule za Kongo kufunguliwa Septemba, halafu Oktoba hadi katikati ya Desemba kwa ajili ya Krismasi. Ukarabati ufanye Januari.

Pasipoti uandike namba na uirudishe hapo hapo. Usizishike kama dhamana, na nakala zifungiwe kabatini. Kuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019.

---

Mhasibu_Wandegeya

Nyongeza moja kabla hujasaini. Pango la miaka mitano lisajiliwe Ofisi ya Ardhi, maana likibaki karatasi ya mezani halikulindi mwenye jengo akiuza. Hakikisha hati yake haina rehani ya benki. Andika kwamba pango ni kwa shilingi na halipandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ndicho kikomo cha sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 2022. Tangi, hita za jua, inveta na betri ziorodheshwe kwenye kiambatisho kama mali yako, pamoja na namba zake za kiwandani, na ukija kuvunja ule ukuta wa ghala, kibali kiwe cha maandishi, kimesainiwa naye, kabla fundi hajaingia.